Namba moja, rangi mbili: Hasira ya fundi rangi wa Majengo

Saa nne asubuhi, Felisian Sikazwe anaomba watu wamsaidie kusukuma gari. Halijaharibika. Anataka tu litoke chini ya paa la gereji yake, Majengo mjini Sumbawanga, lifike juani.

"Rangi haitazamwi kivulini," anasema huku akijifuta mikono kwa kitambaa kinachonuka tina ya kuyeyushia rangi. "Kivulini kila fundi ni bingwa."

Upepo wa Julai unavuma kutoka kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na umebeba vumbi. Felisian ameshamwagia ardhi maji ili vumbi lisirukie rangi mbichi. Anachukua kipande cha bati alichokipulizia rangi ya bluu jana, anakishika kando ya boneti, anakodoa macho. Kisha anatikisa kichwa.

"Bado. Imezidi weusi kidogo."

Mwandishi wa makala haya hakuiona tofauti hiyo hata alipoonyeshwa kwa kidole.

Felisian ana miaka 46. Alizaliwa Mwimbi, wilayani Kalambo, kwa wakulima wa mahindi na ulezi. Kazi ya kupaka magari rangi alijifunzia Tunduma kwa miaka minne, akarudi Sumbawanga mwaka 2006. Kwa kazi hiyo yeye na mkewe, Rozina, wamejenga nyumba na kusomesha watoto watatu.

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Aliitwa hivyo kwa mara ya kwanza Mei mwaka jana, na akilisimulia jambo hilo sauti bado inampanda.

Mwezi huo, Hellena Malimi, muuguzi wa zahanati moja nje ya mji, alimletea gari lake dogo jeupe. Lori lililokuwa likitoka mpakani Kasesya lilikuwa limekwangua mlango wa kushoto.

"Watu wanadhani nyeupe ni nyeupe," anasema Felisian. "Nyeupe ya gari lile ina lulu ndani. Unapiga nyeupe ya chini, unapiga lulu, juu unamaliza na klia ya kung'arisha. Ukikosea moja, mlango unaonekana umeazimwa kwa jirani."

Alisoma namba ya rangi kwenye kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango, akaenda duka moja la mjini, akauziwa kopo la lita moja kwa shilingi 85,000. Kopo lilikuwa na namba ileile. Akapiga msasa, akapaka, akasubiri rangi ikauke. Mchana akalisukuma gari nje.

Mlango ulikuwa na umanjano wa siagi.

Kabla hajapiga simu, Hellena akafika na mdogo wake, Yonas.

"Fundi, hii ni nini?"

"Dada, na mimi naiona. Nipe siku mbili."

"Siku mbili za nini? Nilikupa hela ya rangi ya gari, wewe umeninunulia ya ukuta!"

Yonas akapiga picha. Kabla ya jioni ilikuwa imeingia kwenye kundi la WhatsApp la madereva wa mji, lenye watu zaidi ya mia tatu, ikiwa na maneno: "Jihadharini na fundi huyu, anakula hela ya rangi."

Kutoka magari matano kwa wiki, Felisian akabaki na moja. Wiki nyingine hakuna. Kwenye jumuiya yao ya parokiani, mama mmoja akamuuliza Rozina kama ni kweli mumewe siku hizi anaiba.

"Hapo ndipo nilipoumia," anasema. "Kukosa wateja ninaweza kuvumilia. Lakini mke wangu aulizwe swali kama lile baada ya sala!"

Akanunua kopo la pili, duka lilelile, namba ileile. Safari hii alilijaribu kwanza kwenye bati. Rangi ikatoka yenye ubluu. Akavichukua vipande viwili vya bati, kimoja chenye rangi ya kopo la kwanza na kingine cha kopo la pili, akaviweka juu ya kaunta ya dukani pamoja na kopo la pili.

"Bosi, namba moja, rangi mbili. Imekuwaje?"

"Mkono wako ndio mbovu," muuzaji akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

Felisian akakwangua lebo ya kopo kwa kucha. Chini yake palikuwa na lebo nyingine, yenye namba nyingine kabisa. Watu waliokuwa dukani wakasogea kutazama.

"Kopo likishafunguliwa halirudi," muuzaji akasema. "Kwani risiti unayo?"

Hakuwa nayo. Siku ya kununua aliiomba, akaambiwa mashine ni mbovu. Alipokwenda ofisi moja kulalamika, aliambiwa kitu hichohicho: alete risiti.

"Wewe niambie," anasema, akigonga meza ya vifaa kwa ngumi. "Anayeniibia ndiye anayetakiwa kuniandikia risiti. Ni mtu gani atamwibia mwenzake halafu amwandikie?"

Akampigia Hellena kumwomba kifuniko cha tanki la mafuta, ili akatafute rangi Mbeya kwa kufananisha. Hellena akacheka kwa dharau. "Mlango umeharibu, sasa unataka na kifuniko?"

Kesho yake Felisian akamfuata zahanati. Aliweka mezani vipande viwili vya bati na kopo lenye lebo mbili.

"Nililishika lile kopo nikazisoma lebo zote mbili," Hellena anakumbuka. "Kwetu dawa yenye lebo juu ya lebo hapewi mgonjwa. Nikaona aibu. Nikachukua bisibisi nikakifungua kifuniko mwenyewe."

Felisian akapanda basi la Mbeya akiwa amekifunga kifuniko kwenye kitenge cha Rozina. Huko, kwenye duka la rangi, akapokewa na Winifrida, binti anayechanganya rangi kwa mashine na mzani.

"Shikamoo baba. Namba unayo?"

"Marahaba mwanangu. Ninayo, ila nimechoka na namba."

"Na ni kweli haitoshi. Hili gari limekaa juani miaka mingi, rangi yake imeshabadilika."

Walichanganya mara tatu. Kila mara walipulizia kwenye karatasi ngumu, wakaikausha, wakatoka nayo nje na kuiweka kando ya kifuniko. Mara ya tatu Winifrida akapiga makofi.

Siku nne baadaye, mlango ukiwa umeshapakwa upya, Hellena alipitisha kiganja kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, akarudia tena. "Fundi, nisamehe. Nilikuita mwizi mbele za watu."

"Basi nisafishe mbele za watu haohao," Felisian akamjibu.

Akamsafisha. Alirekodi ujumbe wa sauti, Yonas akautuma kwenye kundi lile. Lakini picha ilikuwa imeshafika hadi Mpanda, na wengi walioiona hawajausikia ujumbe huo hadi leo. Wateja wamerudi nusu. Duka lile bado liko wazi, na makopo bado yamepangwa rafuni.

"Fundi akikosea anapigwa picha," anasema. "Mwenye duka akidanganya anaitwa bosi."

Hakukaa na hasira hiyo peke yake. Mafundi rangi tisa wa mjini wamekubaliana kuagiza rangi kwa pamoja kutoka Mbeya kila Alhamisi, na hakuna anayepaka gari kabla ya kujaribu kwenye bati. Kila mwezi wanachanga kununua mashine ya kuchanganyia, na wameshapata chumba cha kuiweka. Wamefika robo ya bei.

Felisian anahesabu kwamba, mambo yakienda sawa, mashine itafika baada ya mavuno mawili.

"Sisi wa huku hatujakosa macho ya kuijua rangi," anasema. "Tulichokosa ni mtu wa kutuuzia rangi ya kweli. Basi, tutajiuzia wenyewe."