Chini ya Stika

Lengelenge la kwanza nililiona mimi, mwezi wa pili tangu pikapu ifike nyumbani, asubuhi ya Jumamosi nikiwa naiosha. Lilikuwa juu ya tairi la mbele, upande wa kushoto, dogo kama punje ya mtama. Nikaligusa kwa ukucha. Likabonyea. Rangi ya gari jipya haibonyei.

Baba alikuwa barazani na chai yake, anaitazama pikapu kama alivyoitazama kila asubuhi. Alikuwa amestaafu ualimu wa sayansi, na mafao yake yote yalikuwa pale uani, yamepakwa bluu iliyokolea, viti bado vimefunikwa nailoni. Rafiki zake walimshauri anunue gari lililotumika, la kutoka Japani, kama watu wengine. Mimi ndiye niliyemgeuza. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nina muda wa kusoma kila kitu, na kijitabu cha waranti nilikisoma mpaka nikakikariri. "Baba, jipya lina waranti. Likiwa na kasoro, wanatengeneza wao." Alinisikiliza kwa sababu alikuwa amenisomesha.

Kwa hiyo sikusema. Nilijiambia labda ni kinyesi cha ndege, labda ni jua, labda nimelikuza mimi kwa ukucha wangu. Kijitabu kilisema kasoro itolewe taarifa mara tu inapoonekana. Sasa nilikuwa nimeiona, na kila dakika niliyosimama pale na ndoo ilikuwa dakika ya kuchelewa. Kadiri nilivyofikiria kuchelewa ndivyo nilivyozidi kuchelewa. Kesho yake, baada ya misa, nikanunua stika ya Bikira Maria kwenye duka la parokia, ya duara, pana kama kisosi, nikaibandika juu ya lengelenge.

Baba alifurahi kuliko nilivyotegemea. "Nilidhani chuo kimekutoa kwenye sala," alisema. Kwenye sala za jumuiya ya mtaani, wiki hiyohiyo, aliwaambia majirani kwamba binti yake ameliweka gari chini ya ulinzi wa Mama. Wakapiga makofi. Mimi nilitazama vidole vyangu.

Baada ya miezi mitatu boneti nayo ilianza kuvimba, na safari hii aliona mwenyewe. Hakukasirika. "Si ndiyo kazi ya waranti yako?" aliniambia, karibu kwa furaha, tukaenda kwa wakala aliyetuuzia, hapa hapa Songea mjini.

Dada wa mapokezi alituambia anayehusika na rangi yuko Mbeya.

"Atakuja lini?"

"Atakuja, mzee."

Tukaambiwa tutume picha. Tukaambiwa picha hazionekani vizuri. Tukatuma nyingine. Makao makuu hawajajibu. Safari yetu ya nne au ya tano meneja alitoka ofisini, akaizunguka pikapu mikono nyuma.

"Mnaoshea sabuni gani?"

"Ya unga," nilisema.

"Aaa!" Akatikisa kichwa kama daktari aliyegundua ugonjwa. "Na shamba mnakwenda nalo?"

"Tuna shamba Madaba," baba alisema. "Ni pikapu, mwanangu. Nilipeleke wapi, harusini?"

Mafundi walicheka. Meneja hakucheka. Tukarudi nyumbani Msamala mikono mitupu, na wiki iliyofuata mvua zikaanza. Malengelenge ya boneti yalipasuka moja baada ya jingine, na palipopasuka pakageuka kahawia. Kila mvua iliponyesha nilisimama dirishani nikihesabu. Sikuwa nahesabu ya boneti tu. Nilikuwa najiuliza maji yamefika wapi chini ya ile stika.

Mkaguzi kutoka Mbeya alikuja hatimaye, tukaitwa tena yadini kwa wakala. Alikuwa kijana, karibu umri wangu, ana tochi na ubao wa kuandikia. Alimwamkia baba shikamoo, akainama juu ya boneti. "Hapa ni mawe," alisema, akaandika. "Hapa utomvu wa mti." Akaandika. Meneja alisimama nyuma yake akiitikia. Kisha akafika upande wa kushoto, akapitisha kidole kwenye ukingo wa stika. Ulikuwa umeinuka. Nilikuwa nimeliona hilo tangu wiki mbili nyuma.

"Hii naomba muitoe wenyewe," alisema. "Mimi Mwislamu, mzee. Nisije nikaonekana nadharau picha ya watu."

"Aliyeibandika yupo," baba alisema. Akanigeukia. Tangu utotoni huniita mama. "Mama, itoe."

Nikachuchumaa. Nilifikiri nikivuta polepole labda itachanika, na kipande cha katikati kitabaki. Nilifikiri niseme ukucha unauma. Waliningoja watu watatu, na mmoja wao alikuwa ananingoja bila wasiwasi wowote, mikono mfukoni.

"Baba, chini yake kuna lengelenge," nikasema. "Nililiona mwezi wa pili. Ndiyo maana niliibandika."

Nikavuta. Stika ilitoka na rangi yote, duara zima, ikaacha bati tupu lenye kutu katikati.

Mkaguzi aliandika haraka kuliko mwanzo. "Mwezi wa pili. Hamkutoa taarifa. Na hapa, mzee, kilichovuta rangi ni gundi. Hizi stika za madukani zina gundi kali."

"Basi suala limekwisha," meneja alisema.

Baba alinitazama. Sikuona hasira. Alinitazama kama anavyolitazama daftari la mwanafunzi aliyemtegemea. Kisha akamgeukia mkaguzi, kwa sauti ya darasani.

"Unasema ni gundi."

"Ndiyo, mzee."

"Si rangi."

"Ndiyo."

"Basi tujaribu." Akazunguka hadi nyuma ya pikapu. Kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na stika ndefu yenye jina la wakala na namba zao za simu. Waliibandika wenyewe, pale pale yadini, kabla ya kutukabidhi ufunguo. "Hii nayo mliinunua parokiani?"

Meneja alianza kucheka, akaacha. "Mzee, hiyo usiiguse. Hilo ni tangazo la kampuni."

"Gari la nani?"

"La kwako, lakini..."

"Rangi ikiwa nzima, stika itatoka peke yake, nami nitaondoka na kosa la binti yangu. Ikitoka na rangi, utaandika na hilo."

"Baba, acha," nilinong'ona. Pale nyuma hapakuwa na lengelenge hata moja. Nilikuwa nimepachunguza kila Jumamosi. Ikitoka safi, tumekwisha, na mimi ndiye niliyewapa sababu. Baba hakugeuka. Aliweka ukucha kwenye kona na kuanza kuvuta, taratibu. Mimi nilishika ndoano ya kufungia kamba ubavuni mwa bodi la mizigo, sijui kwa nini, kama vile gari lingeondoka.

Herufi ya kwanza ilitoka safi. Ya pili pia. Kisha nikasikia mlio mdogo, kama karatasi kavu inayochanika, na stika ikaanza kuja na bluu. Ilikuja nayo mpaka mwisho wa namba za simu.

Baba alimpa mkaguzi. Mkaguzi akaigeuza, akaikwaruza kwa kidole gumba, akalitazama bati.

"Jua la hapa..." meneja alianza.

"La Songea, na baridi hii?" baba alimuuliza, na hata dada wa mapokezi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sweta lake, alicheka.

Mkaguzi alichana ukurasa aliokuwa ameandika. "Hapana, bosi," alimwambia meneja. "Hili ni la kiwandani. Bati halikuandaliwa vizuri. Walipulizie rangi upya gari zima."

Tulirudi nyumbani tumekalia nailoni, kila nikijisogeza inalia. Baba aliendesha, macho barabarani, mpaka tulipokaribia kwetu.

"Na jumuiya wakapiga makofi," alisema.

"Nitawaambia."

"Utawaambia." Akabadilisha gia. "Darasani sikuwahi kumchapa mtoto kwa jibu baya. Niliowachapa ni walioficha daftari."

Ningependa angenichapa, ingekuwa fupi. Jumapili niliwaambia, nimesimama, na mama mmoja alisema Bikira Maria amefichua kiwanda kizima. Sikujua kama ananitetea au ananicheka.

Pikapu ilipelekwa Mbeya, ikakaa huko zaidi ya mwezi. Iliporudi yadini kwa wakala, baba alikwenda kuichukua peke yake. Nilisikia honi getini nikatoka mbio. Ilikuwa inang'aa. Nikaizunguka mara moja, nikaizunguka tena. Mara ya pili jua lilikuwa limetoka, na nikaona mlango wa kushoto na bodi havifanani. Bluu mbili tofauti. Tofauti ndogo, ya mtu anayetafuta.

Alikuwa amesimama pale akitabasamu, ufunguo mkononi, na niliwaza ya kwamba mtu mwingine hataona kamwe, ya kwamba amechoka, ya kwamba anaitazama tena kama zamani.

"Baba, rangi hazifanani."

Tabasamu lilibaki kidogo, halafu akaketi kwenye ngazi ya baraza.

"Nimeiona kulekule yadini," alisema.

"Mbona hukuwaambia?"

"Nilifikiri nikisema, utajua. Na ukijua hutalala." Akauchezea ufunguo. "Nikasema ngoja kwanza."

Tukatazamana. Kisha akainuka, akafungua mlango, ule wa bluu nyingine.

"Panda," alisema. "Wanafunga saa kumi na moja."