Dirisha la Bafu la Ayuma

Triza Nalianya alianza kwa nyundo, na vigae vya bafu vikaruka kama meno yaliyong'olewa. Nyumba ilikuwa ya chini kabisa katika ghorofa moja kuukuu huko mtaani Mowlem. Aliyeijenga alikuwa ameliweka dirisha ndani ya shawa, usawa wa kifua, likitazama uchochoro wanamoanika nguo majirani. Kwa miaka mingi kila aliyeoga alilirushia maji, hata kutu ikaila fremu na ukuta ukawa unameguka.

"Ziba lote," alisema Mulongo, mwenye nyumba. "Majirani wa hapa wana masikio marefu."

Triza alikuwa fundi kwa miaka kumi na miwili. Alianza kwa kubeba kokoto kwenye majengo ya mtaa wa Fedha, wanaume wakimcheka, akajifunza kushika mwiko wa saruji kwa kuiba kwa macho. Kanuni moja ya mafundi hakuwahi kuivunja: kazi haibadilishwi ila na aliyekuita.

Alikuwa amebakiza mstari mmoja wa mawe kuliziba dirisha wakati Ayuma, mke wa Mulongo, alipomletea chai. Ingawa jua lilichoma, alikuwa amejifunga leso hadi kidevuni.

"Dadangu, niachie hapo pa kupita mtu," alinong'ona.

"Unataka hewa? Nitakuwekea tundu."

"Si hewa." Viatu vilisikika sebuleni, akaondoka upesi.

Triza hakuelewa, akafuata kanuni. "Bosi, mama anaomba niache nafasi. Tuache ama tuzibe?"

Mulongo alitabasamu. "Ziba. Kisha toka nje upige lipu."

Triza alikuwa uchochoroni, mwiko mkononi, aliposikia kofi la kwanza, kisha kishindo cha mwili sakafuni.

"Nafasi ya nini? Ya kunitoroka tena?"

Ayuma akakimbilia bafuni, akajifungia kwa komeo. Kisha nyundo ikaanza kuupasua mlango, nyundo ya Triza mwenyewe, aliyoiacha sebuleni.

"Wallahi leo atamuua," alisema Fowsiya, jirani aliyekuwa akifua. "Siku zote Ayuma huwa anamtoroka kupitia hapo dirishani, nampokea mimi."

Triza aliubonyeza ukuta kwa kidole. Saruji ilikuwa bado mbichi. "Ayuma! Jikunje pembeni!" Akaugonga ukuta kwa bega, mara moja, mara mbili, ya tatu mawe yakaporomokea ndani. Mikono yenye damu ikajitokeza. Wakaivuta wote wawili, Ayuma akachubuka akipita, na mlango ukavunjika nyuma yake. Nyundo ilishuka juu ya vidole vya Triza vilivyokuwa vimeshika ukingo. Mfupa ulilia. Fowsiya akamwagia Mulongo beseni zima la maji ya sabuni machoni.

"Njoo sasa, dume! Njoo huku nje!" wanawake wa uchochoro walimpigia kelele, kila mmoja na ndala mkononi. Hakutoka.

Nyumbani kwa Fowsiya, Ayuma aliketi sakafuni, mdomo umepasuka. Triza alikuwa ameviringa mkono wake kwa leso iliyolowa.

"Nani alimwambia?" Ayuma aliuliza.

Triza angeweza kunyamaza. "Ni mimi. Nilidhani natafuta ruhusa."

Ayuma akatema damu kwenye kikombe.

"Basi inuka, twende kituo cha polisi," alisema. "Ukawaambie hivyo hivyo, bila kuficha neno. Mara tatu nimeenda peke yangu, wakanirudisha kwake."

Triza akainuka.