Hamsini isiyo na mwisho: nilivyopigwa tochi baada ya Tinde, na mahali nilipokikuta kibao Na. 117

Nimtaje mhusika kwanza, ili asiyetaka kusoma uzi mrefu asiondoke mikono mitupu. Mhusika ni ofisi yenye dhamana ya kutunza alama za barabarani kwenye lami itokayo Tinde kuelekea Isaka. Jina lake limo katika barua yangu, hapa si mahali pake.

Si askari aliyenisimamisha. Si mama aliyekutwa na mali ya umma. Sehemu ya kosa ni yangu mwenyewe, nayo nitaieleza inapostahili.

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, waliobaki, marahaba. Nitakachoandika nilikiona kwa macho yangu au ninacho kwenye jalada. Nisichokuwa na uhakika nacho nitasema sina uhakika.

Mimi ni mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kutunza stoo na rejista ya alama za barabarani katika ofisi moja ya ujenzi. Kila kibao kilichotoka stoo kwangu nilikiandika namba mgongoni kwa rangi nyeusi ya mafuta, kwa mkono wangu.

Saba yangu ina kistari katikati. Saba isiyo na kistari ikipigwa na mvua miaka miwili inageuka moja, na rejista yote inaharibika. Vijana wa stoo walinicheka kwa kistari hicho. Kiwekeni akilini.

Tangu nipewe leseni sikuwahi kuandikiwa kosa hata moja. Waendesha bodaboda wa Nyasubi, mjini Kahama ninakoishi, waliniita Mzee Hamsini kwa kuwa penye hamsini naenda hamsini. Walinipa jina hilo kwa dhihaka, nikalipokea kama cheo. Baadaye mwenyekiti wao aliniomba niwe nawafundisha alama za barabarani kila Jumamosi asubuhi, bila malipo. Nilikubali, kwa sababu mwalimu wa somo hilo anatakiwa awe na leseni safi, na mimi nilikuwa nayo.

Sasa tuje kwenye tukio.

Nilikuwa natoka Shinyanga kurudi Kahama. Nikapita Tinde kwa hamsini. Kuna trekta lilinipita. Sikuona aibu.

Mbele kidogo kuna karavati. Nikasema moyoni: Na. 117, mwisho wa hamsini, upande wa kushoto, hatua chache baada ya karavati. Kwa wasiokifahamu, ni kile kibao cheupe chenye hamsini iliyokatwa kwa mistari myeusi ya mshazari. Nikavuka karavati, nikakanyaga mafuta.

Askari mwenye sare nyeupe, tochi ya kupimia mwendo mkononi, akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, afande."

"Mbona una haraka? Sitini na nne hiyo."

"Afande, hapa hamsini imeshakwisha. Kibao kiko nyuma, baada ya karavati."

"Umekiona?"

Wakuu, swali hilo lilinichoma. Maisha yangu yote ya kazi ndilo nililowauliza mafundi waliorudi safarini na taarifa nzuri mno: umekiona, au umeambiwa kipo? Na mimi sikuwa nimekiona. Nilikuwa nakijua.

Nikamwomba turudi kwa miguu pamoja. Akakubali, Mungu ambariki. Tulikuta kisiki cha nguzo tu, kimekatwa kwa msumeno wa chuma, na mkato umeshaota kutu. Hakikukatwa jana wala juzi.

Yaani niliendesha gari kwa rejista badala ya macho. Hilo ndilo kosa langu, sina wa kumsukumia.

"Mzee, kibao hakipo, kwa hiyo hapa bado ni hamsini," askari akasema kwa upole. "Lakini kwa umri wako naweza kukuonya tu, uende."

"Afande, tochi haipimi umri. Niandikie."

Akaniangalia, akacheka, akaandika. "Tangu asubuhi wewe ni wa kwanza kukubali. Wenzako wote wana msiba Kahama."

Faini nililipa siku hiyo hiyo na risiti iko kwenye jalada. Kilichonikosesha raha ni Jumamosi. Ningesimamaje mbele ya vijana wale? Kunyamaza kungekuwa uongo. Kusema kungeweza kuwa mwisho wa darasa.

Nikaenda na ile karatasi ya kosa, nikaisoma yote kwa sauti, pamoja na namba ya leseni yangu.

Kijiwe kizima kililipuka.

"Mzee Sitini na Nne!"

"Amepanda cheo jamani, mpigieni saluti!"

"Mzee, na sisi tufundishe hiyo ya sitini na nne, ya hamsini tumeshaielewa!"

Niliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha nikachora ubaoni kibao kilichonikosesha, nikaeleza kuwa kimekatwa na kuibwa. Hapo kijana mmoja, Masanja, aliyekuwa amecheka kuliko wote, akaacha kucheka.

"Mzee, hicho chenye mistari mbona mimi nakunywea chai juu yake? Kipo njia ya machimboni, kwa Mama Kulwa. Ndiyo meza yake."

"Umekiona, au umeambiwa?"

"Nimekimwagia chai, mzee."

Tukaondoka muda ule ule kwa pikipiki yake, kofia ngumu kichwani, sote wawili. (Wale watakaouliza: ndiyo, sote wawili.)

Njia ile ni ya vumbi, inakwenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Nilimwamuru Masanja asizidi hamsini. Tipa za kubeba mawe ya dhahabu kwenda kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe, zilitupita zikiacha ukungu wa vumbi ambamo huoni hata mkono wako. Kila tipa ikipita, Masanja alisimama pembeni kusubiri njia ionekane tena.

"Mzee, huku mwenye hamsini ndiye anayezikwa," akasema.

Sikuona kibao hata kimoja njiani. Sikuona sare nyeupe. Niliona shule ya msingi imekaa upande mmoja wa njia, na nyumba za watoto upande wa pili.

Kibanda cha Mama Kulwa kinatazamana na shule hiyo. Nilimsalimu, nikaagiza chai, nikajieleza mimi ni nani. Nikaomba ruhusa ya kuinua chupa ya chai na beseni la maandazi. Ni chenyewe: hamsini na mistari yake, kimesuguliwa kikang'aa kuliko siku kilipotoka stoo. Magoti yangu siku hizi hayapendi kukunjwa, lakini nilipiga magoti, nikachungulia chini.

Na. 117. Saba ina kistari katikati.

Wakuu, sitajifanya. Nilisimama pale nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi na nilijiona mtu mkubwa. Wenye saba za kisasa watuonyeshe namba zao ziko wapi leo.

"Kumbe baba ndiye mwenye meza?" Mama Kulwa akauliza kwa wasiwasi. "Mimi niliinunua kwa watu wa chuma chakavu."

"Si yangu, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma. "Ni mali ya umma."

"Huo umma haujawahi kuja kunywa chai hapa."

Masanja akaangua kicheko. Nikamhakikishia mama kwamba sikuja kumshitaki, nikamweleza kuwa ni kibao cha mwendo wa magari.

"Basi kiache hapa hapa ukisimamishe! Hizi tipa zitaua watoto wetu. Kulwa wangu juzi aliruka mtaroni na madaftari yake."

"Kwani hapa askari hawaji na tochi?"

"Tochi? Baba, tochi tunazozijua huku ni zile za wachimbaji, za kufunga kichwani."

Ikabidi nimwambie ukweli. Kibao kile hakisemi punguza. Kinasema zuio limekwisha, nenda. Kukisimamisha pale ni kuwapa madereva ruhusa kwa maandishi.

Akalitazama beseni lake. "Yaani hawa wanaokimbia hivi, ruhusa yao nilikuwa nayo mimi, naipangia maandazi?"

Kesho yake nilimpelekea, kwa pikipiki ile ile, meza yangu ya mninga niliyokuwa nikiitumia nyumbani kwa kuandikia. Alinishukuru kwa Kisukuma, wabeja mara tatu. Kibao nikakibeba mapajani hadi Kahama.

Siku ya kazi iliyofuata nilikikabidhi kwenye ofisi husika, kwa barua, nikagongewa muhuri kwenye nakala. Afisa aliyenipokea ni mtu wa adabu, alinipa kiti. Lakini majibu yake nayaandika kama yalivyo.

"Mzee, kibao tumekipokea. Nguzo ndiyo hatuna."

"Na ile njia ya machimboni, mbele ya shule?"

"Ile haina alama, mzee. Kwa hiyo huwezi kusema kuna anayezidisha mwendo."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Someni hapo polepole, wakuu. Kwenye lami kibao kimekosekana, na wote tupitao tuna kosa. Kwenye vumbi vibao vimekosekana, na wote wapitao hawana kosa. Ofisi ni hiyo hiyo moja. Kwenye lami sheria iko macho mchana kutwa, mbele ya shule hata jina lake halijulikani.

Nilichojifunza: kumbukumbu ni mali, ila barabara husomwa kwa macho. Na mwenye kosa akilisoma kosa lake hadharani, watu hupata mdomo wa kumwambia wanayoyajua. Ningeificha ile karatasi, kibao kingekuwa kinamwagiwa chai mpaka leo.

Darasa linaendelea, na limejaa kuliko zamani. Masanja sasa ndiye anayewauliza wenzake, "Umekiona, au umeambiwa?" Jina langu nimerudishiwa. Safari hii wanalitamka wakiwa wamevua kofia.

Wa kusema "weka picha": kibao nilishakikabidhi, nakala yenye muhuri ninayo. Nawaomba wachangiaji waandike hapa alama zilizopotea kwao, mahali na upande wa barabara. Maganzo, Geita, popote. Ila andikeni mlichokiona.

Kwa ofisi husika, nadai mambo mawili. Kibao Na. 117 kirudishwe mahali pake, baada ya karavati, upande wa kushoto. Na mbele ya shule ile pawekwe hamsini, pamoja na wa kuisimamia kama inavyosimamiwa kwenye lami. Nadai jibu kwa maandishi, lenye jina na saini ya anayewajibika.

Wakati huo huo naendesha hamsini kutoka Tinde mpaka kibao kingine kitakaponiruhusu. Malori yananipigia honi, mabasi yananiwashia taa. Wanaotaka nisogee wasinilaumu mimi. Kwa mujibu wa barabara ilivyo leo, hamsini ile haijaisha, na nitakaa ndani yake mpaka nijibiwe.