Herufi za Cheti cha Ndoa kwenye Mlango wa Saluni

Baba alikuwa fundi wa kuandika mabango kule viwandani, Industrial Area, na ukimwondoa mama, alichopenda zaidi duniani ni zile herufi nene nyeusi zenye kona kali zinazokaa juu ya vyeti vya ndoa. Mama alipofungua saluni karibu na mtaa wa Donholm, baba hakuuliza mtu. Alijifungia na ubao Jumapili nzima, akaandika jina la mama kwa herufi hizo, kubwa tupu, mwanzo hadi mwisho. Mama alipouona alijishika mdomo. "Umeniandika kama cheti," alisema, na baba akacheka mpaka akakohoa.

Ulipendeza, sidanganyi. Ila haukusomeka. Herufi zile zikiwa kubwa zote hubanana, hujui ipi inaishia wapi. Tena sisi wa mitaa ya Eastlands tulizijua kwa mambo mawili tu, harusi na misalaba ya makaburini. Sasa nani aingie humo kusukwa? Watu walipita zao. Mama alikaa kwenye kiti cha wateja akijisuka mwenyewe, nami nikanuna. Nilimwambia amweleze baba ukweli.

"Thubutu umwambie, utanitambua," alisema.

Alikuwa radhi kufunga saluni kuliko kumvunja moyo mume wake. Nilikasirika, maana nilijua alivyoililia saluni ile miaka yote. Mapenzi gani hayo, jamani?

Jumamosi moja baba alikuja kututazama. Tukiwa hapo, mwanamke mmoja akafika, Biblia kwapani, akavua viatu mlangoni.

"Bwana asifiwe. Ibada inaanza saa ngapi?"

Nilibanwa na kicheko. Mama hakucheka. "Karibu, dada, keti," alisema haraka. "Hapa tunasuka."

Baba alitoka, akavuka barabara, akasimama kuitazama kazi yake kwa muda mrefu. Alirudi, akavuta stuli hadi mlangoni. Alipanda kwenye stuli akaushusha ubao, na mama akamshikia stuli isiyumbe.

Jumatatu ubao ulirudi. Alikuwa ameuandika upya kwa herufi za kawaida, zile za kwenye duka la unga, isipokuwa herufi ya kwanza ya jina la mama. Hiyo aliiacha vilevile, na kona zake zote. Ikiwa moja tu, imepata nafasi ya kupumua, ilikuwa nzuri ajabu. Wateja walianza kuja, na yule wa Biblia alikuwa wa kwanza.

Baba alifariki kabla ya miaka ya tisini kwisha. Siku tulipojiandaa kumsafirisha kwao magharibi kwa mazishi, fundi wa misalaba alimuuliza mama anataka maandishi gani. Mama alitoa cheti chao cha ndoa kwenye mkoba, akamwonyesha herufi za juu.

"Jina lake lote, kwa hizi. Kubwa zote."

Fundi alikuna kichwa. "Mama, hazitasomeka."

"Najua," alisema mama. "Sisi tutamsoma."