Siku Niliyouachia Mkono wa Mama Eda

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani kujifunika shuka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na bidhaa zikaanza kumiminika kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasesya. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi ya ukarani hapa Sumbawanga. Nilishinda nyumbani nimenuna, utadhani kununa kuna mshahara. Mke wangu, Mama Eda, mtoto wa wafinyanzi wa kijiji cha Pito, ndiye aliyepata wazo la kutengeneza vinyago vya uso tuwauzie wafanyabiashara wanaovipeleka mijini. Alinunua unga wa plasta, ule wa kufungia waliovunjika mifupa, akaujaribu jikoni mpaka akaujua.

Kazi tuliifanya wawili, chumbani. Yeye alijipaka mafuta ya mgando usoni, akalala chali mkekani, akafumba macho. Puani aliweka vikonyo viwili vya majani ya maboga, ambavyo ndani vina uwazi, apate kupumua. Mimi nilimpaka plasta uso mzima, kisha nikamshika mkono. Plasta ikiganda hupata joto, na aliyelala haoni wala hawezi kusema. Tulipatana kwamba akiniminya mara moja, yu salama. Mara mbili, niibandue haraka. Ikishakauka niliibandua, na hiyo ndiyo kalibu yetu ya kutolea umbo la uso. Ndani yake tulibandika karatasi zilizoloweshwa uji wa ngano, tabaka juu ya tabaka, hadi kinyago kitoke.

Siku hiyo plasta ilikuwa bado mbichi, akabisha hodi mfanyabiashara mmoja kutoka Mbeya. Nikauachia mkono, nikatoka sebuleni. Kati ya sebule na chumba palikuwa na pazia tu.

Mgeni akageuzageuza vinyago vilivyokuwa mezani. "Bwana, ufundi huu nani kakufundisha?"

Mwanangu, mtaani walikuwa wananicheka kwamba nalishwa na mke. Nikatoa kifua mbele. "Kipaji tu, ndugu yangu. Ni mikono yangu hii."

"Na mama anakusaidia?"

"Aa, yule? Yule ananikorogea uji tu."

Tukacheka wote wawili.

Niliporudi chumbani, mkono wake ulikuwa umekunjwa ngumi juu ya kifua. Nilijaribu kuushika, hakuufungua. Nilipoibandua kalibu nikaona ndani yake midomo imebanwa, paji limekunjamana. Plasta ilikuwa imeganda na uso ule ule alioufanya aliponisikia. Nikataka kuivunja.

"Iache, Baba Eda," akasema, akijifuta mafuta. "Tumeshapoteza plasta nyingi."

Akavuta karatasi, akaanza kuzilowesha.

Kinyago kilichotoka humo, yule mfanyabiashara alikipenda kuliko vyote. Alipopita tena wiki iliyofuata, akaniuliza mbele ya mke wangu, "Fundi, huu uso umeutoa wapi?" Hapo nilipewa nafasi ya pili. Mama Eda alikuwa amesimama na beseni mikononi, ananingoja. Nikasema nimeubuni mwenyewe. Akageuka, akaingia jikoni. Tangu siku hiyo, kila alipolala mkekani, alimwita dada yake aje amshike mkono. Mimi nikabaki kweli kukoroga uji.

Tumezeeka pamoja, na hajanisimanga hata mara moja. Hilo ndilo linalonimaliza. Mjini bado wananiita Fundi, nami naitika. Jana ulipokuja kutoka kwa baba yako hapo jirani ukaniita hivyo mbele yake, nilimwona akiangalia chini, na chakula kikanishinda. Ndiyo maana nimekuita leo. Fundi ni yeye, mwanangu. Mimi nilidanganya.

Wewe unaoa mwezi ujao, na umeniambia mtashona nguo pamoja, wewe na mwenzako. Basi nisikilize. Kazi aliyoifanya yeye, sema ni yake. Sema palepale, mbele ya watu, hata kama watakucheka. Kicheko chao kitaisha kabla hawajafika kona ya barabara. Ukinyamaza siku ya kwanza, ya pili inakuwa ngumu zaidi, na baadaye unajikuta mzee kama mimi, unakiri kwa kijana wa watu jambo ambalo mkeo mwenyewe hujamwambia.

Maana sijamwambia kwamba nilimkosea. Miaka yote hii.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kumsifu mwenzako, awape watoto wenye afya na nyumba yenye amani. Sasa nipishe, mwanangu. Yuko ndani, niingie kabla moyo haujanigeuka.