Kiti Nilichokifumia Kitambaa

Kuna Jumatano moja ya mvua naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya. Nilikuwa na umri kama wako, thelathini bado, na shingoni nilikuwa nimening'iniza ufunguo. Nakusimulia wewe, Upendo, kwa sababu akina mama wa Lemara wamekuchagua kuwa mtunza vifaa wa kikundi chao cha malezi, na wiki iliyopita nilipokuja kuwatembelea nilikukuta na wewe umeuvaa ufunguo shingoni.

Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikaangalia. Mwezeshaji wenu anafundisha vizuri, sina ugomvi naye. Aliwaambia akina mama waongee na watoto wao hata kabla hawajajua kusema, wawape vitu washike, wavigonge, wavirushe, akili zao zikue. Sawa kabisa. Lakini watoto wenyewe walikuwa wameshika nini? Mmoja alikuwa anatafuna kadi ya kliniki. Mwingine alikuwa na kandambili ya mama yake mdomoni. Na nyuma yako lilisimama kabati la vioo limejaa mipira, vitabu vya picha na vibao vya rangi, vyote bado vimo kwenye nailoni, na kufuli kubwa kama la duka. Nilipokuuliza ulinijibu kwa adabu zako zote: "Bibi, tunavitunza. Kuna wageni wanakuja kutoka Njiro kukagua mradi. Vikichafuka tutaonekanaje?"

Nilikuaga nikaondoka. Unanijua, mimi si mtu wa kunyamaza. Niliondoka kwa sababu maneno yale niliyasema mimi kabla wewe hujazaliwa, karibu neno kwa neno, na najua yalikofika.

Enzi hizo tuliishi kule juu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Usharika wetu ulianzisha siku ya wazazi wenye watoto wadogo, kila Jumatano, kwenye chumba cha shule ya Jumapili. Muuguzi alikuwa anapanda kutoka mjini kwa miguu, buti za mvua mguuni, anapima watoto uzito, anatufundisha kupika uji wa lishe, anatugombeza tukimficha mtoto mgonjwa. Kilikuwa kitu kizuri mno, nisije nikakisingizia. Kabla ya hapo mama mwenye mtoto asiyekua sawasawa alikuwa anakaa naye ndani mlango umefungwa, na majirani wakanong'ona. Jumatano zile ziliwatoa nje.

Siku moja wafadhili wakatuletea sanduku la vitu vya kuchezea, na pamoja navyo kiti. Kilikuwa kiti kidogo cha mbao chenye mgongo mrefu, mikono miwili, kimeza mbele na mikanda ya kitambaa. Muuguzi akatueleza kwamba ni cha mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe. Akifungwa pale kila siku kwa muda atainua kichwa, mikono itakuwa huru kushika vitu, mgongo utapata nguvu taratibu. Alisema pia, nami nilikuwepo, kwamba mama mwenye shida akichukue aende nacho nyumbani, akirudishe mtoto akishakizidi. Muda si mrefu muuguzi akahamishwa. Ufunguo ukabaki kwangu.

Na wewe unatujua sisi. Nyumba zetu zote zina kabati la vyombo vya wageni. Vikombe vizuri vinakaa humo mpaka vinafifia maua, na watoto wa nyumbani wanakunywa kwenye kikopo cha plastiki. Kochi tunalifunika vitambaa vya kufuma, redio tunaifunika, na mgeni asipokuja mwaka mzima tunaendelea kufunika tu. Tunaita kutunza, na mwanamke anayejua kutunza anasifiwa mpaka kanisani. Mimi nilisifiwa sana. Kichwa kikavimba. Nikakaa jioni mbili nikakifumia kile kiti kitambaa cheupe chenye pembe za waridi, nikakitandika mgongoni, nikafunga kabati. Kiti cha mtoto mlemavu, mwanangu, nimekifumia kitambaa!

Ndipo Jumatano ile akaja Naserian. Alikuwa ameolewa kwetu kutoka upande wa magharibi wa mlima, kwa wafugaji, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuokota. Mwanawe, Lomayani, alikuwa na mwaka mmoja na shingo bado laini, kichwa kinaanguka huku na kule. Alimleta mgongoni, tope limempanda hadi magotini.

"Shikamoo mama," akaniambia, ingawa hatukupishana sana umri. "Nimeambiwa iko kiti. Naomba nipeleke nyumbani kwa ajili ya mtoto."

Nikamwangalia miguu. "Kiti kipo, ila ni cha mradi. Na tope lote hili? Wageni wanakuja mwezi ujao kukiona. Wakishakiona, utachukua."

"Ndiyo, mama," akasema. Akamfunga mtoto upya akarudi mvuani.

Alikuja tena Jumatano iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Wageni wakaahirisha. Nikamwambia baada ya mvua. Mvua ikaisha, nikamwambia baada ya kuvuna kahawa. Kahawa ikavunwa, migomba ikazaa, mtoto akakua urefu bila kukaa, nami kila nikifungua kabati kupangusa vumbi nilikuwa najiona mtu mwaminifu kuliko wote usharikani. Hakuna aliyeniambia niache. Kamati nzima ilijua, wanaume wazima wenye watoto wao, na mwenyekiti akanipongeza mbele ya mkutano kwamba vifaa vyetu ni vipya kama vilivyoletwa. Tulipiga makofi. Wajinga sisi! Halafu Naserian akaacha kuja, na unajua nilifanya nini? Nilipumua. Nilifurahi kwamba yule msumbufu amechoka.

Wageni walikuja mwaka wa pili. Tukafagia uwanja, kwaya ikavaa majoho, wazee wa kanisa wakavaa makoti, loshoro, chakula chetu cha maziwa ya mgando, ikapikwa sufuria nzima. Nikatoa kiti na kitambaa chake, kinang'aa. Mmoja wa wageni, mama mpole sana, akauliza kama anaweza kumwona mtoto anayekitumia. Mwenyekiti akaniangalia. Nami, mwanangu, naona aibu hata leo hii mbele yako, nikamnyanyua Anaeli wangu, mtoto aliyekuwa anakimbiza kuku uwanjani dakika ile ile, nikamkalisha kwenye kiti nikamfunga mikanda. Alikuwa anarusha miguu anataka kushuka. Nikamfinya pajani atulie. Picha ikapigwa.

Sikumwona bibi mmoja akiingia. Alikuwa mama mkwe wa Naserian, wote tulimwita Koko, yaani bibi, mgongo umeinama kwa miaka ya kubeba kuni. Siku hiyo mgongoni alimbeba Lomayani, na Naserian alikuwa nyuma yake ameinamisha uso. Hakusalimia mtu. Alifungua khanga akamlaza mtoto kwenye mkeka katikati ya chumba, mbele ya wageni, na mtoto akabaki ubavu ule ule alioangukia, anatuangalia.

"Mtoe huyo anayekimbia," akaniambia.

Nikamtoa Anaeli. Nilihangaika kufungua mikanda, Koko akanisubiri. Kisha akamnyanyua mjukuu wake akajaribu kumkalisha. Nyonga hazikupita kati ya mikono ya kiti. Akamgeuza kidogo akajaribu tena, na magoti yakagonga kimeza. Mtoto akalia. Mwaka mmoja na nusu nilikitunza kile kiti, na siku kilipotoka kabatini mwenyewe alikuwa amekizidi.

"Umekitunza vizuri, mama," Koko akasema, wala hakupaza sauti. "Hakina hata mkwaruzo. Sasa nionyeshe na mtoto ulivyomtunza."

Akavuta kile kitambaa changu cha waridi, akamfutia mtoto mate na machozi kwa makini, pembe hadi pembe, akakiacha juu ya meza pale penye vikombe vya wageni. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba bibi asubiri, mambo haya yataongelewa kwenye kikao. Kikao! Mtoto amelala chini na yeye anataja kikao. Yule mgeni mpole alishusha kamera yake taratibu akatazama dirishani, na mimi uso wangu sikuwa na pa kuuweka.

Nilidhani Koko atanilaani, na ningestahili. Asubuhi yake alikuja mlangoni kwangu akasema, "Beba kiti, twende." Tukateremka hadi kwa Mzee Ndewario, seremala, aliyekaa chini kidogo ya kanisa. Ni karibu kuliko mtoni tulikokuwa tunachota maji. Mzee akakigeuza kiti chini juu, akakigonga kwa kidole.

"Hiki ndicho mlichokifungia?" akauliza. "Mbao na misumari tu hii. Ningetengeneza tangu siku ya kwanza, cha kila mtoto na kipimo chake. Mbona hamkuniambia?"

Hatukumwambia kwa sababu hatukuwahi kumfikiria. Tulikuwa na seremala, tulikuwa na miti, tulikuwa na akina mama wanaojua kushona mikanda, na bado tulikaa tukilinda kiti kimoja kama vile Mungu ameishiwa mbao. Hapo ndipo hasira yangu inapochemka hadi leo, mwanangu. Kesho yake kiti kikubwa kilikuwa tayari. Koko alinitaka nikibebe mwenyewe kichwani hadi kwa Naserian, kupanda kile kilima alichokuwa anakishuka kila Jumatano, na tope lile lile nililomwonyesha kwa kidole likanipanda mimi. Naserian alinikaribisha, akanipa maziwa ya mgando. Nilipomwomba radhi alinijibu tu, "Nifundishe kufunga mikanda." Nikamfundisha.

Lomayani alikaa. Baada ya miezi akainua kichwa, mikono ikashika kijiko. Lakini mgongo ulikuwa umeshapinda, na muuguzi mpya alipomwona alituambia wazi kwamba tulichelewa, kwamba ule mwaka na nusu ulikuwa na thamani yake na haurudishwi. Leo ni mtu mzima. Ukishuka Kwa Mrombo utamkuta kwenye kibanda chake anatengeneza simu na redio, ameegemea upande mmoja, mikono yake myepesi kuliko ya wengi. Akiniona hunipa shikamoo ya heshima kabisa, nami huitikia marahaba nikiangalia chini. Mara moja nilijikaza nikamwambia habari ya kile kiti. Akacheka.

"Mama, mimi kiti hicho sikikumbuki."

Alisema kunipoza, maskini. Lakini hakikumbuki kwa sababu hakuwahi kukikalia.

Basi nisikilize, Upendo. Wale wageni wa Njiro ni watu wazima, wamesoma, wana magari. Mpira wenye alama za meno hautawaua. Na wakikuuliza kwa nini vitabu vimechanika kurasa, waambie vimesomwa. Wakikunja uso, waache wakunje. Mtoto wa mwaka mmoja hana muda wa kusubiri kikao, wala mvua, wala ukaguzi. Anakua usiku na mchana, na siku utakayomfungulia kabati huenda akawa ameshapita. Ukiwa na kitu kimoja na akina mama watano wanakihitaji, usikifungie ili wasigombane. Nenda kwa fundi wa Lemara, mwonyeshe, akuchongee vingine. Mama akija na tope miguuni, mkaribishe ndani na tope lake, maana ametembea nalo kwa ajili ya mtoto. Na yule anayeacha kuja, usipumue kama nilivyopumua mimi. Siku hiyo hiyo vaa viatu umfuate kwake.

Usiniambie kamati itasema. Kamati yangu nayo ilisema, na makofi ilinipigia. Ufunguo uko shingoni kwako, si kwa kamati. Kesho ni Jumatano. Chana nailoni mbele ya akina mama wote, mwaga vitu vyote mkekani, kufuli lile mpe mwenye duka alitumie. Kama utaogopa kufanya peke yako, niite. Magoti yananisumbua, lakini kuja nitakuja, na hao wa kamati watanikuta mlangoni.

Mungu wa Naserian na wa Koko akusimamie, mwanangu. Akupe moyo usiotishwa na mgeni, na macho yanayomwona mtoto aliye chini kabla ya kuona mkeka. Akujalie uzeeke kama mimi, ila usiwe na kiti cha kukumbuka. Na siku watakayokuja kulikagua kabati lako, awajalie walikute tupu.