Gari Lije Kama Lilivyo

Gereji yetu ina mafundi sita. Mteja akisema gari lake jipya linalialia, watano kati yetu tunakumbuka ghafla kazi nyingine. Injini ikifa utaiona imekufa, lakini mlio ukiutafuta hujificha. Wateja wa namna hiyo tunampelekea fundi wa sita, Mama Sikio.

Huyu mama ana masharti. Hukaa kiti cha nyuma, akafumba macho, mwenye gari aendeshe kama siku zote, na gari lije kama lilivyo, na takataka zake zote. Ukiliosha, anakurudisha nyumbani. Mimi nilidhani ni maringo tu.

Siku moja akaja mwalimu mstaafu. Gari lake lina miezi miwili, na kila likipita kwenye tuta kitu hugonga: ko, ko. Alikwisha kulirudisha mara tatu kwa waliomuuzia, na mara zote lilinyamaza. Sasa watoto wake wananong'ona kwamba mzee anasikia visivyokuwepo, na mkubwa wao anataka kumnyang'anya funguo. Aliyasema hayo huku akitazama viatu vyake. Nilimwonea huruma sana.

Mama Sikio alizunguka naye nusu saa, gari lisigonge hata mara moja. Waliporudi alipitisha kidole kwenye zulia, akauliza nani amelisafisha. Mzee akajibu ni mkewe. Kila linapokwenda kwa fundi huamka mapema kulisafisha, maana ni aibu kupeleka uchafu kwa watu.

"Mwalimu," akasema Mama Sikio, "siku ukiwa na mama njiani, pita tu hapa. Usimwambie mapema."

Alhamisi wakatokea, wametoka kununua mboga. Niliingia nyuma pamoja na Mama Sikio, kwa kuwa tulikuwa tumewekeana dau la soda kama gari litagonga. Tuta la kwanza: ko, ko. Akainama, akaingiza mkono chini ya kiti cha mke wa mwalimu, akatoa kopo la peremende.

Mke akageukia dirishani. Kumbe daktari alimkataza sukari, na kila asubuhi ya fundi alikuwa akilitoa kopo asije akaumbuka. Mzee akasimamisha gari. Nikajua leo ndoa ya watu inatuvunjikia mikononi.

"Umewaacha watoto waseme nimechanganyikiwa," alisema taratibu, "kwa ajili ya peremende?"

"Nisamehe, baba watoto. Niliona haya. Nitawaambia mwenyewe."

 Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoa machozi, na mkewe akamfuata. Peremende tuligawana sisi watatu, mama wa watu akiangalia tu. Mama Sikio akatoa kitambaa alifunge kopo, mlio uishe.

"Acha," mzee akasema. "Bakiza peremende mbili za kugonga, urudishe kopo pale pale. Jumapili nampakia yule mkubwa wa watoto, nampitisha kwenye matuta yote."